Matengenezo Madogo Madogo

Mkataba wetu uko kwenye daftari la mistari,
kurasa mbili, mashahidi wawili, mmoja sasa marehemu,
na muhuri wa mjumbe uliopinda
kama mlevi anayetafuta mlango wake.
Kifungu cha nne: "Matengenezo madogo madogo ni ya mpangaji.
Makubwa ni ya mwenye nyumba."
Nilitia saini. Kilikuwa kiangazi,
Lindi nzima kavu kama ganda la korosho.

Kitasa nilibadilisha. Kidogo.
Balbu, bawaba, bomba la uani lililokuwa likikohoa kutu:
vidogo. Sikudai hata shilingi.
Mchwa waliokula fremu ya mlango
niliwamwagia oili chafu, nikanawa, nikanyamaza.

Kisha Machi ikaingia Ndoro kwa miguu yote miwili.

Tone la kwanza lilikuwa dogo.
Niulize mimi, maana liliangukia satini
ya bibi harusi wa Mtama
likaacha duara la kahawia, kama jicho.
Tone ni dogo. Tundu la msumari ni dogo.
Bati lililooza kutoka kwenye msumari ule hadi ukutani,
hilo tuliiteje?

Nikampigia Bi Somoe.
"Ngoja korosho, mwanangu."
Nikachungulia nje. Mikorosho haikuwa na hata ua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema ufa wa nani,
na ukuta kwa hela ya nani.
Mimi ni fundi cherehani, viraka navijua:
mwenye nguo ndiye anayelipia uzi.
Ila aliyeivaa ndiye anayechekwa njiani.

Akaja tarehe mosi kufuata kodi,
mwavuli wake umevunjika ubavu mmoja.
Nilikuwa nimejiandaa, maneno nimeyachomeka
moja moja kama pini kwenye mto wake.
Nikamwekea kigoda makusudi
palepale, chini ya tone.

Hakutazama juu.
Alikisogeza kwa mguu, hatua moja na nusu, upande wa kibla,
akakaa pakavu, akavua kandambili.
Tone likashuka sakafuni
kama mgeni aliyenyimwa kiti.

"Bakuli la kijani lipo?"
Lile lililochubuka mdomo. Lilikuwepo.
Nililikuta nyuma ya mlango siku nilipohamia,
nikadhani mpangaji aliyepita amelisahau.
Akalipokea, akalitua bila kupima.
Sauti ya tone ikabadilika.

"Mama alikingia hapahapa," akasema.
"Baba aliezeka kwa hela ya mkonge, kule Kikwetu.
Akasema atapanda tena kukaza msumari mmoja."

Hasira yangu ilikuwa bado imesimama,
lakini haikuwa tena na pa kukaa.
Kumbe miaka yote hiyo
matengenezo makubwa yalikuwa bakuli.

"Mabati sita," nikasema.
"Manne."
"Sita, Bi Somoe. Na mbao. Papi zimekuwa unga."
Akahesabu kwa vidole: mwezi huu, mwezi ujao.
Nikaona dawa zake za presha zikipita kwenye vidole vile,
na ada ya mjukuu aliyeko Nachingwea.
Nami nikahesabu zangu. Satini ya watu nilishailipa.

Tukafungua daftari.
Akaniambia niandike mimi, macho yake hayaoni mistari:
"Bati ni la mwenye nyumba.
Kodi ya miezi miwili itapanda juu ya paa.
Fundi atalipwa na mpangaji.
Msumari..."

Hapo akanyamaza. Kalamu ikangoja.
Nje mvua ilikuwa imepungua,
bakuli limejaa hadi kwenye mchubuko.

Msumari hatukuuandika.
Bi Somoe aliinuka, magoti yakilia kama bawaba zangu,
akalibeba bakuli kwa mikono miwili, akalimwaga uani,
akalirudisha mahali pake
na kuniomba risiti ya kodi ambayo sikumlipa.